Kwa Nini Bluu ya Dukani Hugeuka Ikifika Ukutani

Mwenye nyumba anachagua samawati tulivu kwenye kadi ya rangi, fundi anapiga mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, na ikifika jioni chumba kimeingia ukijani usiotakiwa au uzambarau ambao hakuna aliyeuagiza. Fundi analaumiwa, naye anamlaumu muuza duka. Mara nyingi hakuna aliyekosea kipimo. Bluu inasumbua kuliko rangi nyingine kwa sababu inabadilishwa na vitu vinne kwa mpigo: unga uliomo ndani yake, nyeupe iliyochanganywa nayo, ukuta unaoibeba na mwanga unaoiangukia. Anayejua kimoja tu kati ya hivyo bado anabahatisha.

Hakuna bluu iliyo katikati

Watoto hufundishwa kwamba bluu na njano huzaa kijani, bluu na nyekundu huzaa zambarau. Fundi anayeishia hapo ataharibu makopo mengi. Kila bluu inayouzwa imeegemea upande mmoja, ama wa kijani ama wa nyekundu. Iliyoegemea kijani ikikutana na njano ya ndimu hutoa kijani safi, lakini ikikutana na nyekundu yenye uchungwa hutoa kahawia ya tope. Iliyoegemea nyekundu hufanya kinyume: ikipata nyekundu ya waridi zambarau yake hupendeza, ila kijani chake hutoka kimepooza, kama cha majani makavu. Unga wa rangi hufanya kazi kwa kumeza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Ukichanganya aina mbili zinazomeza sehemu tofauti tofauti, kinachorudi machoni ni kidogo, na rangi inakosa uhai.

Egemeo hilo hulioni kwenye kopo. Bluu ikiwa bado nzito, zote hufanana na zote hukaribia weusi. Chukua steina, ile rangi iliyokolea sana inayouzwa kwenye chupa ndogo kwa ajili ya kuongezea kwenye nyeupe. Chota kiasi cha punje ya haragwe, koroga kwenye vijiko viwili vya chakula vya rangi nyeupe kabisa, kisha paka kwenye karatasi nyeupe. Hapo ndipo bluu inajitaja. Fanya jaribio hili kwa kila chupa mpya, hata kama jina la kwenye lebo ni lile lile la mwaka jana.

Unga wenyewe, kwa kazi za nyumbani na za picha, ni aina nne za kuzijua. Kwenye tyubu za wachoraji utaona alama zake zimechapishwa kwa herufi ndogo: PB29, PB15, PB27 na PB28. Alama hizo ni za kuaminika kuliko majina ya kupendeza yaliyoandikwa juu yake.

PB29 ni ultramarini. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na Ulaya bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1824 chama cha kuendeleza viwanda cha Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani. Jean-Baptiste Guimet akaitwaa zawadi hiyo mwaka 1828, na mwaka huo huo Christian Gmelin wa Tübingen, Ujerumani, akachapisha njia yake mwenyewe. Ni udongo mweupe wa kaolini, magadi, salfa na mkaa vikipikwa pamoja kwenye tanuri. Tangu hapo ultramarini imekuwa rahisi kiasi cha kutiwa kwenye maji ya kusuuzia nguo: nili ya unga inayouzwa madukani mara nyingi ndiyo hiyo hiyo. Imeegemea nyekundu. Bluu yake inatokana na salfa iliyofungiwa ndani ya chembe zake. Asidi ikiivunja chembe, salfa hutoka na harufu ya yai viza, na rangi hufifia. Kwa hiyo inavumilia chokaa lakini haivumilii asidi.

PB15 ni thalo, kwa jina refu thalosianini ya shaba. Ukoo wake uligunduliwa kwa bahati mwaka 1928 katika kiwanda cha rangi cha Grangemouth, Scotland, nayo ikaingia sokoni mwaka 1935. Imeegemea kijani, inavumilia asidi, chokaa na jua, na nguvu yake ya kukoza ni ya ajabu: tone moja lililozidi linaweza kuharibu galoni nzima. Yapo matoleo yake yanayosogea kidogo upande wa nyekundu, lakini hata hayo ukiyaweka kando ya ultramarini utaona ukijani.

PB27, bluu ya Prusia, ilizaliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ni mchanganyiko wa chuma. Ni nzuri kwenye karatasi na turubai, lakini chokaa na saruji huiua: alikali yake, ukali ulio kinyume cha asidi, huivunja, na kinachobaki ni ukahawia wa kutu. Isikaribie ukuta. PB28, kobalti, iliyotengenezwa na Louis-Jacques Thénard mwaka 1802, iko katikati kuliko zote, ila ni ghali na hutaikuta kwenye ndoo ya lita 20.

Sasa jiulize ndoo ya dukani imekolezwa na ipi. Karibu kila mara ni thalo, kwa sababu ni nafuu, ina nguvu na haiogopi saruji. Ndiyo maana samawati nyingi za kwenye kuta zetu huwa na ukijani hata pale mteja alipodhani amenunua rangi ya anga.

Nyeupe nayo ina upande

Kosa linalorudiwa sana ni kuokoa pesa kwa kutumia rangi iliyobaki. Imebaki nusu ndoo ya nyeupe ya maziwa, mtu anaona akiongeza bluu atapata samawati ya chumba cha mtoto. Nyeupe ya maziwa imekwisha kutiwa njano, na pengine kahawia kidogo. Bluu ikiingia humo, tena ya thalo, kijani hakikwepeki. Ukiongeza bluu zaidi ili kukifukuza, kijani kinazidi kukolea tu. Kwa samawati safi tumia nyeupe kamili, isiyo na jina la maziwa, pembe wala krimu.

Rangi ya mafuta ina hila nyingine. Gundi yake ya alkidi huwa njano taratibu, hasa mahali pasipofika mwanga wa jua: nyuma ya mlango, ndani ya kabati, kwenye korido. Mlango mweupe unapogeuka njano kila mtu anajua ni uzee. Mlango wa samawati hafifu ukipatwa na jambo hilo hilo huwa wa kijani kilichochakaa, na watu husema rangi ilikuwa feki. Ukitaka samawati hafifu kwenye mbao za ndani, tumia rangi ya maji ya akriliki inayong'aa. Alkidi iachie bluu nzito, ambazo umanjano hauonekani ndani yake.

Vipimo, na mpangilio wa kuchanganya

Anza na hesabu ya ukuta. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 37.8. Toa mlango na madirisha mawili ya kawaida, zinabaki 32 hivi. Mikono miwili ni 64. Lita moja ya rangi ya maji kwenye plasta laini iliyopigwa praima hufunika karibu mita za mraba 10, kwa hiyo unahitaji lita 6.5: nunua galoni mbili za lita 4. Kwenye plasta mbichi yenye mikwaruzo lita hiyo hiyo inaweza kuishia mita 6 hadi 8, na galoni ya tatu itahitajika.

Zote ziunganishe kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kupaka. Hili halina mjadala kwa bluu. Hata galoni zilizotoka kwenye mashine moja ya kuchanganyia rangi dukani siku moja hutofautiana kidogo, na bluu huonyesha tofauti hiyo pale ukuta mmoja unapokutana na mwingine kwenye kona. Ukichanganya kwa mkono, galoni ya kwanza peke yake na ya pili peke yake, hazitalingana kamwe.

Kwa samawati hafifu, kwenye kila lita 4 za nyeupe anza na nusu kijiko cha chai cha steina ya bluu, yaani mililita 2.5 hivi, upande kidogo kidogo hadi kijiko kimoja au viwili. Steina za kampuni mbalimbali hazina nguvu sawa, kwa hiyo chukua namba hizi kama pa kuanzia. Ikiwa bluu ni ya thalo na unaona ukali wa kijani, usikimbilie nyeusi. Tia steina ya nyekundu ya udongo, oksaidi ile ile inayokoleza sakafu, robo ya kijiko kwanza. Wekundu wake wenye uchungwa unameza ukijani, na bluu inakaa chini bila kuzimika. Kwa bluu ya kijivu, ile inayokaa vizuri sebuleni na chumba cha kulala, jaribu vijiko vitatu vya bluu, kijiko kimoja na nusu cha oksaidi nyekundu na nusu kijiko cha nyeusi kwa lita 4. Nyeusi peke yake huifanya bluu iwe baridi na nzito. Nyekundu ndiyo inayoituliza. Tahadhari moja: oksaidi nyekundu ya kupaka vyuma ni rangi ya mafuta na haichanganyiki na rangi ya maji. Kinachotakiwa ni steina inayokubali maji, au unga mkavu uliokorogwa kwanza.

Bluu nzito ya usiku haipatikani kwa njia hii, na hapa mafundi wengi hupoteza fedha za watu. Rangi nyeupe imejaa titani, ule unga mweupe unaoipa weupe wake, na titani inapigana na kila tone unaloongeza. Steina nyingi zina kikomo cha asilimia chache tu za ujazo, lebo husema. Hata ukifika asilimia 5, ambayo ni mililita 200 kwa galoni ya lita 4, bado utakuwa na bluu ya wastani. Ukipita hapo rangi haikauki vizuri, inanata, na kitambaa chenye maji kinaondoka na bluu mkononi. Bluu nzito inunuliwe kwenye duka lenye mashine, itengenezwe juu ya besi, yaani rangi ya msingi ambayo haijakolezwa, isiyo na titani. Besi hiyo nayo ina bei yake: haifuniki vizuri. Juu ya ukuta mweupe itataka mikono minne, na bado michirizi ya rola itaonekana. Piga kwanza mkono mmoja wa kijivu cha wastani, kisha bluu mikono miwili au mitatu. Gharama ya galoni ya kijivu hurudi kwenye galoni ya bluu usiyoinunua.

Katika kuchanganya, bluu ndiyo inayoingia kwenye nyeupe. Nyeupe haimwagwi kwenye bluu. Steina usiimwage moja kwa moja kwenye ndoo. Itie kwenye kikombe cha nyeupe, koroga mpaka isionekane mistari, chuja kwa kitambaa cha soksi ya kike au wavu mwembamba, ndipo umimine kidogo kidogo huku mwenzako akikoroga kutoka chini kwenda juu. Mti wa kukorogea uwe mpana, wa bapa; kijiti cha mviringo huzungusha rangi bila kuichanganya. Dakika tano ni chache, kumi zinatosha. Chembe za thalo zina tabia ya kushikana na kufanya mabonge madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonge hayo huficha nguvu ya rangi.

Kuna jaribio dogo la kuligundua hilo, na kila fundi wa bluu analihitaji. Paka kiraka cha ukubwa wa kiganja kwenye kipande cha jipsamu. Subiri rangi ianze kukaza, isiwe mbichi wala haijakauka, kisha sugua sehemu moja kwa kidole, duara ndogo ndogo, kama mara ishirini. Iache ikauke. Ikiwa sehemu uliyosugua imekoza bluu kuliko pembeni yake, steina haijasambaa. Ukiipaka hivyo ukutani, mahali brashi ilipopita kwenye kona patakuwa na bluu moja na mahali rola ilipopita patakuwa na nyingine, kwa sababu brashi imeisugua rangi na rola haikuisugua. Mara nyingi kukoroga zaidi hutibu. Kama hakutibu, steina hiyo haielewani na rangi hiyo, na hakuna dawa isipokuwa kubadili mojawapo.

Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi ya maji ina gundi nyeupe inayogeuka angavu inapokauka, kwa hiyo bluu yake huzidi kukoza ikikauka. Paka kipande cha jipsamu au kadibodi chenye upana usiopungua sentimita 50, mikono miwili, uache hadi kesho yake, kisha ukisogeze kwenye kuta zote nne. Vile viraka vya kupaka moja kwa moja ukutani juu ya rangi ya zamani hudanganya, kwani rangi ya zamani inayovizunguka huvuta jicho.

Chokaa na nili

Pwani kuna kazi ya bluu ambayo haimhitaji mtu wa mashine. Nyumba za mawe ya matumbawe, za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na kwingineko, zilijengwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo unatakiwa upumue: unyevu unaopanda kutoka chini lazima upate pa kutokea. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki, unyevu husukuma kutoka ndani, rangi ikavimba malengelenge na plasta ikamomonyoka. Hapo chokaa ndiyo rangi inayofaa.

Loweka kilo 5 za chokaa laini kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, kisha ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Vaa miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na dawa ya kwanza ni maji mengi safi mara moja, halafu hospitali. Nili ya unga iponde peke yake na maji ya vuguvugu hadi iwe uji usio na chembe, ndipo uimimine. Gramu 50 zitakupa samawati hafifu sana. Kwa rangi ya kuonekana kutoka mtaani panda hadi gramu 200 au 300. Usizidi moja ya kumi ya uzito wa chokaa, yaani nusu kilo hapa, la sivyo ukuta utamwachia bluu kila anayeuegemea.

Lowesha ukuta kabla, paka mikono mitatu hadi mitano myembamba, kila mmoja ukipewa siku. Mkono mnene hupasuka na kubanduka. Chokaa hufanya kinyume cha rangi ya maji: ikiwa mbichi ni angavu na bluu yake imekoza, ikikauka inakuwa nyeupe zaidi maradufu. Anayepima kwa macho akiwa bado na brashi mkononi atapata ukuta mweupe. Wako wanaotia chumvi ili chokaa ishike. Mbali na bahari sina ugomvi nao, lakini pwani chumvi huvuta unyevu na ukuta unakuwa na madoa ya maji kila msimu wa mvua.

Kabla ya kununua nili nyingi, koroga kijiko kimoja kwenye chokaa na uiache hadi kesho. Ikibaki bluu, ni ultramarini. Ikigeuka ukahawia ni ya Prusia, haifai. Ile bluu ya kufulia ya majimaji iache kabisa. Nyingi hutengenezwa kwa rangi za kuyeyuka, na jua la miezi michache linaimaliza. Matumizi mengine ya nili ni madogo na ya kale: kijiko kimoja tu kwenye ndoo ya chokaa inayoelekea umanjano, na ukuta unaonekana mweupe zaidi kwa sababu bluu imeufuta umanjano. Ni kazi ile ile inayofanya kwenye shati.

Kwenye plasta ya saruji mambo ni mengine. Plasta mpya ina alikali kali, na unyevu wake huleta chumvi nyeupe juu ya uso. Kwenye nyeupe chumvi hiyo haionekani sana. Kwenye bluu inaonekana kila doa lake. Subiri siku 28 angalau, na wakati wa masika subiri zaidi. Chumvi ikitokea ipige brashi ikiwa kavu, usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani. Kisha praima inayovumilia alikali, ndipo bluu.

Mwanga wa huku si wa vitabuni

Miongozo mingi ya mapambo imeandikwa Ulaya, na inaonya usipake bluu chumba kinachotazama kaskazini kwa kuwa hakipati jua na kitaonekana baridi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Kanuni hiyo haina kazi hapa, wala Mombasa, wala Kampala. Cha kuangalia ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki hupata mwanga mkali asubuhi, na bluu iliyoegemea kijani humo huchangamka; alasiri huwa cha kivuli na bluu inapoa. Chumba cha magharibi hupokea jua la jioni lenye uchungwa, linalozimisha bluu na kuitia ukijivu saa ile ile familia inapokaa pamoja. Kwa chumba hicho chagua bluu iliyokoza zaidi kidogo kuliko unavyodhani, na yenye egemeo la nyekundu.

Angalia pia nje ya dirisha. Uwanja wa udongo mwekundu hurusha wekundu ndani na kuipoza samawati ya thalo. Muembe mkubwa dirishani hurusha kijani, na bluu ambayo tayari imeegemea huko itavuka mpaka. Bati jipya la jirani hurusha mwanga mweupe mkali unaoifanya bluu hafifu isionekane kabisa.

Usiku anayetawala ni balbu. Balbu ya manjano ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye boksi) ina bluu kidogo sana ndani yake, na ukuta hauwezi kurudisha mwanga ambao haukupewa. Bluu ya kijivu huwa kijivu tu. Balbu nyeupe ya 6500 huirudishia bluu nguvu, ila nyuso za watu huonekana wagonjwa. Ya 4000 ni suluhu ya wastani. Hii ndiyo sababu pia ya rangi mbili kulingana dukani chini ya taa za tyubu kisha zikaachana nyumbani: moja imepata bluu yake kwa thalo, nyingine kwa ultramarini, na kila moja inajibu mwanga kwa namna yake. Ukipeleka sampuli dukani ilinganishwe, itazame nje ya mlango wa duka, si kaunta.

Vinavyokaa kando yake

Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia ya kutundika ukutani cha Gobelins, Paris, alichapisha mwaka 1839 utafiti wake kuhusu rangi zinazobadilishana sura zikikaa jirani. Bluu hukozwa na uchungwa. Mlango wa mninga au mvule uliopigwa vanishi, vigae vya udongo, mkeka wa rangi ya kahawia: vyote vinaivuta bluu ionekane kali zaidi kuliko kwenye kadi, nao mbao huonekana nyekundu zaidi. Nyumba yenye mbao nyingi inaweza kutumia bluu iliyopoozwa sana na bado ikaonekana bluu. Dari ya nyeupe ya maziwa juu ya kuta za bluu itaonekana njano hata kama peke yake ni nyeupe nzuri. Chagua nyeupe kamili, au itie tone la bluu ile ile ya ukutani.

Wapo wanaopaka bluu wakiamini inafukuza wadudu. Angalau kwa mbung'o ni kinyume: mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, na bluu hiyo ni ya ukoo wa thalo, kwa sababu huwavuta.

Mchoraji wa picha ana uhuru ambao fundi wa ukuta hana, maana anaweza kutumia bluu mbili kwenye picha moja. Anga ya mchana juu kabisa ni ultramarini na nyeupe; ikishuka kuelekea upeo wa macho ipe thalo kidogo na nyeupe zaidi. Maji ya ndani ya mwamba wa matumbawe, juu ya mchanga mweupe, ni thalo, nyeupe na chembe ya njano. Ng'ambo ya mwamba ambako kina huanza, ultramarini iingie na nyeupe itoke. Kwa giza usitumie nyeusi ya tyubu: ultramarini na kahawia nyekundu ya udongo, nusu kwa nusu, hutoa giza lenye uhai ambalo unaweza kulisogeza upande wowote. Wachoraji wa Tingatinga hupaka rangi za mafuta za kopo, ambazo hukaa mbichi kwa muda mrefu, kwa hiyo wanaweza kushusha bluu kutoka nzito hadi hafifu kwa kuziunganisha kwa brashi pana zikiwa bado mbichi. Anayetumia akriliki hana muda huo. Atayarishe vikombe vitatu vya viwango tofauti kabla hajagusa ubao.

Bluu nzito baada ya miezi sita

Bluu nzito isiyong'aa ni nzuri siku ya kwanza. Baada ya hapo kila bega lililopita koridoni linaacha mstari unaong'aa, na kila kiti kinaacha alama nyeupe, kwa sababu msuguano hulainisha uso wa rangi. Koridoni, kwenye ngazi na nyuma ya viti weka yenye mng'ao kidogo. Isiyong'aa iache ukuta wa kichwa cha kitanda. Bafuni na jikoni, hasa pwani, bluu nzito ikipatwa na mvuke kabla haijakomaa hutoa michirizi ya kahawia inayonata. Ni sabuni iliyomo kwenye rangi yenyewe inayotoka nje. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, itarudi mara moja au mbili kisha itaisha. Usipake upya juu yake. Siku kumi za mwanzo acha madirisha wazi na oga kwa maji ya baridi.

Nje, jua huchosha gundi na unga hubaki juu kama vumbi la chaki. Thalo yenyewe haijafifia, imefunikwa tu: lowesha ukuta, bluu inarudi kwa dakika chache. Hiyo ni dalili kwamba ukuta unahitaji kuoshwa na kupigwa praima kabla ya mkono mpya. Ukiwa unakwangua rangi ya mafuta ya zamani sana, usipige msasa mkavu. Huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Lowesha, kwangua, kusanya, tupa.

Kwa viraka vya baadaye hifadhi nusu lita kwenye kopo lililojaa hadi karibu na kifuniko, maana hewa iliyobaki ndani ndiyo inayolikausha. Juu yake andika kampuni, besi, namba ya mchanganyiko kutoka kwenye stika ya mashine, au vijiko ulivyotumia. Kiraka kwenye bluu nzito hakijifichi hata kwa rangi ile ile ya siku ile ile, kwa kuwa ukuta umekwisha kuchakaa na kopo halijachakaa. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, na mwenzako akipiga brashi pembeni, rola imfuate kabla ukingo wake haujakauka.